Punda Wetu, Jiwe Lao

*Mwezi wa saba kwa hesabu ya mwandamo, siku ya kumi na tisa*

Mvua ilianza jana alasiri na mpaka sasa haijakatika. Si mvua ya kishindo. Ni ile ya kudondoka taratibu, ya mtu anayenung'unika chini kwa chini bila kusema ameudhiwa na nani. Uwele bado uko shambani na viazi bado viko ardhini. Mwalimu wa darasa la watu wazima alituagiza tuandike kila siku, hata mstari mmoja, la sivyo herufi zitatutoka kichwani. Basi nimeandika.

*Siku ya ishirini*

Mvua.

*Siku ya ishirini na mbili*

Mvua. Nimefagia kitanda cha mama mkwe mara mbili leo. Udongo unamdondokea kutoka darini, laini kama unga. Sisi tunaoishi ndani ya mlima, katika mapango tuliyoyachimba wenyewe, hula udongo kidogo kila siku pamoja na chakula, hilo si ajabu. Ila kufagia mara mbili kwa siku si kawaida. Mama mkwe anasema nimekuwa mvivu, nafagia vibaya. Nimemwacha aseme.

*Siku ya ishirini na tatu*

Nimepanda juu ya stuli na taa mkononi, nikalitazama dari la pango kubwa. Upo ufa. Unaanzia juu ya kitanda cha udongo, unakwenda ndani mpaka nyuma kabisa, pale linapokaa jeneza la mama mkwe. Alichongewa zamani, kama wazee wote wa huku, naye hulitumia kuwekea uwele ili panya wasiufikie. Ufa wenyewe ni mwembamba, hauingii hata kijiti cha kulia tambi.

Nilimwita mume wangu, Shuanniu. Akautazama, akasema ni ufa wa zamani. Nikamuuliza, kama ni wa zamani, mbona yeye aliyechimba mapango ya nusu ya kijiji hajawahi kuutaja. Alikwenda kukata ukanda wa karatasi, akaubandika kwa uji mzito kukatiza ule ufa. Ndivyo tunavyofanya tangu enzi za babu zao: karatasi ikikaa nzima, ufa umelala, ikichanika, ufa unatembea.

Pango hili ndilo tulilomwekea mwanetu Yinsuo, ambaye sasa yuko kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Harusi yake ni mwezi wa kumi. Mama mkwe atahamia kwetu, pango dogo, na maharusi watalala hapa chini ya ufa huu. Pango lingine la kuwapa hatuna.

*Siku ya ishirini na nne*

Karatasi nzima. Mvua.

*Siku ya ishirini na tano*

Karatasi nzima. Mvua ilikatika asubuhi, ikarudi mchana kama mtu aliyesahau kitu.

*Siku ya ishirini na saba*

Leo nimemwambia Shuanniu kinachonikereketa rohoni: uwanja wa juu haujashindiliwa tangu theluji ilipoyeyuka, na mwaka jana haukushindiliwa kabisa.

Dari letu ni uwanja wa shemeji Liugen, mdogo wake. Nyumba za huku zimepandana hivyo, kila mtu anamkanyaga jirani yake kichwani. Baba yao alipokuwa hai, kila mvua ilipokatika na ardhi ikaanza kukauka, punda alifungwa lile jiwe nene la mviringo akaliburura uwanja mzima mpaka udongo ukashikana. Mvua nyingine ikija, maji yanateleza juu juu na kwenda zao bondeni. Udongo wetu wa manjano hauna jiwe wala mchanga ndani yake. Ukiwa mkavu unasimama wima kuliko ukuta, unachimba nyumba ndani yake, unalea humo watoto na wajukuu. Ukiingiwa na maji hauna utu. Haubomoki kidogo kidogo ukakupa nafasi ya kufikiri, unakaa chini wote kwa mara moja.

Mzee alipofariki, ndugu wakagawana. Shuanniu akapata punda. Liugen akapata uwanja wa juu na jiwe lake. Hapo ndipo wazimu ulipoanza. Liugen anasema mwenye punda ndiye avute. Shuanniu anasema mwenye jiwe ndiye ashindilie, na punda wake haazimwi na mtu aliyemwita mchoyo mbele ya kijiji kizima. Mwaka jana walitishiana mipini ya majembe. Sasa wakipishana njiani kila mmoja anatazama bonde.

Nilimsihi ampeleke punda juu mvua ikikatika.

"Akiniomba nitakwenda," akasema.

"Na asipoomba?"

"Basi tutaona nani mwenye shingo ngumu."

Nikamwambia wakati wao wanashindana shingo, maji hayashindani na mtu, yanatafuta tu pa kuingilia. Akavuta kiko chake kana kwamba sijasema kitu. Nimeolewa na mwamba katika nchi isiyo na jiwe.

*Mwezi wa nane, siku ya pili*

Karatasi imechanika. Si yote, ni pembeni tu, mchaniko wa urefu wa ukucha. Mama mkwe akasema ni panya. Panya gani anayetembea darini?

*Siku ya tatu*

Mshenga amekuja, amelowa mpaka magotini, anacheka. Wakwe watakuja siku ya sita kuangalia nyumba, kama desturi. Binti anaitwa Caiqin, nami sijamwona ila kwenye picha. Mshenga alikunywa supu, akasifu pango kubwa, akalitazama dari, akaniangalia mimi, akaomba supu nyingine.

Alipoondoka nilimwambia Shuanniu tuahirishe. Akauliza tutawaambia nini, kwamba mchimba mapango hana pango? Hakuna mzazi atakayemleta binti yake kulala chini ya ufa, na hakuna binti atakayemngoja Yinsuo mpaka tuchimbe pango jingine, maana pango jipya linataka mwaka mzima kukauka. Alisema haya yote kwa sauti ya chini. Alikuwa na hofu, na mimi sikuwa nimezoea kumwona na hofu. Nikamhurumia, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilinyamaza.

*Siku ya tano*

Tumebandika karatasi nyeupe pango zima, kuta na dari. Nilichemsha gundi mimi mwenyewe. Nimekata maua mekundu ya karatasi ya kubandika dirishani, ndege wawili na komamanga. Pango linang'aa, hata mama mkwe ametabasamu.

Ule ukanda wetu uliochanika umo huko nyuma ya karatasi. Sasa hakuna wa kutuambia kitu.

*Siku ya sita*

Wamekuja. Mama yake Caiqin aligonga kuta kwa vidole, akafungua gudulia la siki, akanusa. Baba yake alikula tambi za ngano nyeusi bakuli baada ya bakuli na kusema nyumba ina nuru. Binti mwenyewe hakusema mengi. Ni mrefu, ana mikono mikubwa ya kazi, nikampenda palepale. Wakati wengine wanacheka, yeye alisimama katikati ya pango na kuinua uso.

"Mama, kwetu darini hatubandiki," akaniambia. "Huku ndiyo desturi?"

"Ni kwa ajili ya harusi," nikasema.

"Kumezidi kuwa kweupe," akasema, akaendelea kutazama juu.

Wameridhika. Siku imethibitishwa. Shuanniu amelewa kwa furaha na mimi nimeosha bakuli zote peke yangu.

*Siku ya saba*

Mvua.

*Siku ya tisa*

Nimemhamisha mama mkwe kwa hila. Nimemwambia mgongo unaniuma, nataka mtu wa kuniamsha asubuhi. Amekubali kulala kwetu, lakini mchana haambiliki, anakwenda kukaa kitandani kwake. "Nilizalia humu wanangu wote wawili," anasema. "Mlima haunifukuzi, ndiyo unifukuze wewe?"

*Siku ya kumi na tano*

Sikukuu ya mwezi mpevu, na mwezi wenyewe haukuonekana. Tumekula keki zetu huku chini, wao wamekula zao huko juu. Mama mkwe aliipasua yake vipande viwili, akavifunga kwenye kitambaa, hakula.

*Siku ya kumi na nane*

Leo nitaandika polepole.

Nilipanda kwa shemeji kuazima chekecheo nichunge unga. Na mke wake, Fenxiang, hatujawahi kugombana, ugomvi ni wa waume. Mvua ilikuwa manyunyu tu. Nikakatiza uwanjani, ambao umekuwa tope laini, kiatu kinazama mpaka kifundo cha mguu. Karibu na ukingo, juu ya pango letu kubwa, nikaona lundo la mabua ya uwele, limetandazwa vizuri, na udongo umenyunyizwa juu yake. Nani anaweka mabua mvuani yaoze?

Kijito cha maji ya mvua kilikuwa kinapita uwanjani. Nikakifuata kwa macho. Kiliingia chini ya yale mabua. Upande wa pili hakikutoka.

Liugen akatokea mlangoni. "Shemeji, pita huku," akasema haraka. "Huko kuna utelezi."

Nikamtazama usoni. Ana uso wa mama yake, hawezi kuficha kitu. Macho yake yalikwenda kwenye mabua yakarudi. Nikapita alikonionyesha, nikachukua chekecheo, nikashukuru, nikateremka. Nilipofika nusu ya njia nikakaa chini kando yake.

Lipo shimo huko juu na analificha. Akilitaja, kijiji kitasema ni yeye asiyeshindilia uwanja wake. Upo ufa huku chini nasi tunauficha. Ni kitu kimoja, kichwa chake kiko kwao na mkia wake kwetu, na watu wote wawili wamekifunika. Mimi peke yangu ndiye niliyeona pande zote.

*Siku ya kumi na tisa*

Sijalala vizuri. Nikimwambia Shuanniu kuna shimo, atapanda juu na mpini wa jembe, namjua, na baba yao wa kuwatenganisha hayupo tena. Nikimwambia Liugen kuna ufa, atauliza kwa nini tuliwaonyesha wakwe karatasi, na habari itafika kwao kabla ya jua kuzama. Lazima wasikie pamoja, mbele ya mama yao, wakiwa wameshiba.

*Siku ya ishirini*

Mvua imekatika. Nimefanya jambo.

Nimempelekea shemeji chekecheo, nikamwambia kaka yake anamwita kula keshokutwa, kwamba amechoka na ugomvi, kwamba ameniomba nije mimi kwa sababu yeye anaona haya. Hakuna hata neno moja la kweli hapo. Liugen aligeuza uso ukutani. Kisha akauliza, "Tambi za ngano nyeusi?" Nikasema ndiyo, na supu ya kondoo. Akasema anakuja.

Halafu nikateremka, nikamwambia Shuanniu mdogo wake ameomba kuja kula na kumaliza mambo. Alikuwa anamkuna punda shingoni. Mkono ukasimama.

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akaendelea kumkuna punda, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Jioni nilimsikia akipiga mluzi. Ni muda mrefu sijamsikia akipiga mluzi.

*Siku ya ishirini na moja*

Jua. Udongo unatoa mvuke. Nimemkataza mama mkwe kukaa pango kubwa, nimempa maharage ayachambue nje juani. Kesho mchana nitawaeleza wote wawili, na Yinsuo tutamwandikia harusi ingoje. Nimetulia kidogo. Nimesaga ngano.

*Siku ya ishirini na tano*

Sasa naweza kuandika.

Siku ya ishirini na mbili, asubuhi, nilikuwa pango dogo nakanda unga. Mama mkwe alikuwa uani na maharage yake. Shuanniu aliondoka mapema na punda, hakusema anakwenda wapi, nikadhani anakwenda kuleta kuni. Chakula kilikuwa cha mchana na jua lilikuwa bado halijafika hata uani.

Kwanza nilisikia kitu kinaburutwa upande wa pango kubwa. Nikadhani ni mama mkwe na ukaidi wake. Nikachungulia dirishani, yeye yuko palepale, anachambua. Akaniambia ni Liugen, ameshuka mapema, ameingia kumtolea jeneza lake. Alimwambia amekuja kulihamisha kabla ya harusi, kwamba pale lilipo si pazuri, na kwamba akimaliza ana jambo la kumwambia kaka yake.

Unga bado uko mikononi, nikasikia mlio mwingine, wa juu. Mlio mzito unaokwenda na kurudi. Mara ya mwisho kuusikia, baba mkwe alikuwa hai. Jiwe. Shuanniu alikuwa amempeleka punda juu, akakuta kwa mdogo wake hakuna mtu, akaanza kumshindilia uwanja bila kuombwa, ili Liugen akirudi akute kazi imekwisha.

Nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ndiyo kweli: kwanza nilifurahi. Kisha nikakumbuka mabua.

Nilitoka mbio nikipiga kelele, sijui nilisema nini. Jeneza lilikuwa limeshafika mlangoni, nusu nje, nusu ndani, na Liugen alikuwa nyuma yake akilisukuma. Alinyanyua uso kunitazama. Nyuma yake nikasikia karatasi inachanika. Ilichanika mchaniko mmoja mrefu, kutoka nyuma ya pango kuja mlangoni, kama mtu anayepasua kitambaa dukani. Halafu pango likajaa. Hakukuwa na mngurumo. Udongo ulikaa chini tu, na moshi wa manjano ukatoka mlangoni ukatufunika mimi na mama yake.

Shuanniu anasema kamba ilivutwa ghafla mkononi mwake, kisha ikawa nyepesi. Jiwe lilipita kwenye mabua kama vile hapakuwa na ardhi. Kamba ya punda ilikatika, ndiyo iliyomwokoa punda, na Shuanniu mwenyewe alianguka ukingoni akavunjika mguu. Wanaume wa kijiji walichimba mpaka jioni. Udongo uliolowa ni mzito, na haukuwa na haraka na mtu yeyote.

Jeneza lilikuwa zima. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyechota uwele wote uliokuwemo, bakuli kwa bakuli, asitake msaada, na tukamlaza humo mtoto wake.

*Siku ya ishirini na sita*

Fenxiang hakunilaumu. Aliniambia, "Dada, alishuka akiimba." Ni heri angenipiga.

*Siku ya ishirini na nane*

Tumemzika mlimani, kwenye udongo uleule. Shuanniu alibebwa kwenye machela. Mama mkwe alimwangalia, akamwangalia punda aliyefungwa kwenye mti, akasema tu kwamba sasa mgawo umekamilika.

*Mwezi wa tisa, siku ya nne*

Yinsuo amefika. Analia chooni ili tusimsikie.

*Siku ya tano*

Sakitu ya kwanza, umande umeganda shambani. Viazi vilivyobaki vimeungua. Genge la udongo lililotuangukia limekauka, limesimama wima, zuri, kama halijawahi kumfanya mtu kitu. Jiwe liko humo ndani na hakuna anayetaka kulichimbua.

*Siku ya saba*

Shuanniu ameniuliza. Amekaa siku zote hizi akitazama mguu wake, leo akaniuliza bila kunitazama.

"Liugen aliomba kweli kuja?"

"Aliomba," nikasema.

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaomba maji. Uongo huu nitakufa nao, na sijutii.

*Siku ya tisa*

Nimeibandua karatasi ya pango letu dogo, yote, hata ya ukutani. Sijui kwa nini. Nilitaka kuona.

*Siku ya kumi na mbili*

Mshenga amekuja. Safari hii hakucheka na hakutaka supu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba mambo yamekwisha, nikamwambia aseme tu. Akasema wazazi hawataki tena, ila binti amekataa kuwasikiliza. Yuko tayari kungoja mpaka tuchimbe pango jingine na likauke, hata kama ni mwaka mzima. Ana sharti moja, naye mshenga alirudia maneno yake vilevile alivyoyasikia.

"Mwambie mama asibandike kitu darini. Niliuona ufa siku ile, karatasi ilikuwa imelowa kwa mstari mmoja. Nilingoja mtu aniambie."

Yinsuo alitoka nje. Shuanniu alifunika uso kwa kofia. Mimi nilimjibu mshenga kwamba amwambie Caiqin tumesikia, na kwamba ajapo atauona udongo wote, kila mahali, na mimi mwenyewe nitamshikia taa.

*Siku ya kumi na tatu*

Theluji nyepesi. Nimemtuma Yinsuo ampeleke punda kwa Fenxiang, huyo punda abaki kwao.